Gauni la Vifungo vya Mgongoni

Sikilizeni, mimi si mtu wa wivu. Hilo naliweka mezani mapema, kabla hamjasikia upande wa shemeji yangu, maana mdomo wa yule mwanamke hauna breki. Mimi ni fundi cherehani, akili zangu timamu, na mke wangu nimeishi naye mpaka watoto wote wameoa na kuolewa wakatuachia nyumba. Wivu wa nini tena? Lakini kuna mambo ukiyaona kwa macho yako, hata ungekuwa jiwe ungetoa jasho.

Tuanzie asubuhi, kwa sababu vita yenyewe ilikuwa ya asubuhi. Mke wangu ana baridi yabisi. Sisemi maumivu ya kulalia vibaya, nasema ugonjwa wenyewe, ule ambao kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo vya mwenye mwili. Ulimvimbisha vidole, viwiko, mabega, hadi nyayo. Akiamka anakuwa amekakamaa, ngumi haifungi, mkono haufiki kichwani, na mpaka jua lipande ndipo viungo vinaanza kulegea. Basi asubuhi hiyo kwa miaka ilikuwa yangu. Namfungulia kopo la mafuta, namkamulia kitambaa cha kuogea, namchana nywele, kisha namvalisha gauni na kumfunga vifungo.

Hivyo vifungo lazima mvijue. Tangu ugonjwa umwanze, magauni yake yote niliyashona yafungwe mgongoni. Vifungo vidogo vidogo, kila kimoja nimekivika kitambaa kilekile cha gauni, vimepangana kutoka shingoni mpaka kiunoni. Kazi ya kutulia hiyo. Wateja wakimwona wanasema, "Mama una bahati! Mume fundi, na bado anakufunga vifungo!" Naye anacheka. Siku moja shemeji yangu, mdogo wake wa tumbo moja, akaniuliza, "Shemeji, mtu mikono yake haifiki mgongoni, halafu wewe unamwekea vifungo mgongoni?"

Nikamwambia, "Na mimi nipo kwa ajili gani?"

Akaguna. Shemeji yangu anajua kuguna, anaweza kukutukana ukoo mzima bila kufungua mdomo.

Aliyekuja kuniharibia ni daktari. Alisema dawa mke wangu aendelee nazo bila kuruka, ila dawa peke yake hazitoshi, anahitaji na mazoezi. Nilikuwapo, nimekaa kiti cha pembeni. Nikasema, "Daktari, kwa heshima zote, mtu viungo vinamuuma, wewe unamtuma akavisumbue? Cherehani ikikwama hatuiendeshi kwa nguvu."

Akacheka. "Na cherehani isiyoendeshwa kabisa, mzee, inakuwaje?"

Inashika kutu, nani asiyejua. Akaendelea kueleza kwamba misuli ikipata nguvu inavibebea viungo mzigo, na ule ukakamavu wa asubuhi unapungua. Siku kiungo kikichemka na kuvimba asikilazimishe, akinyooshe taratibu tu na kupumzika, kikitulia arudi kazini. Mke wangu alimsikiliza amekodoa macho. Mimi sijasikilizwa hivyo tangu siku ya arusi.

Kikundi chao kinakutana Jumanne na Ijumaa, kwenye ukumbi wa shule iliyo nyuma ya soko. Shemeji ndiye akawa anampeleka. Wiki za mwanzo mke wangu alirudi hoi, anajikokota, na mimi sitawaficha, nilifurahi. Nikamwekea maji ya uvuguvugu, nikamkanda mabega, nikamwambia, "Si nilisema?" Nilidhani ataacha. Ng'o! Ikifika Jumanne huyoo, kiatu cha raba mguuni, chupa ya maji mkononi.

Halafu asubuhi moja nikasikia *tap!* chumbani. Nikakimbilia nikiwa na taulo begani. Alikuwa amekaa kitandani, kopo la mafuta liko wazi mapajani, kifuniko amekishika juu kama kombe la mpira.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona. Utamwaga."

Ndivyo nilivyomjibu, mnisamehe. Mtu mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilisimama pale nikilikunja na kulikunjua taulo langu. Kopo lile nilikuwa nalifungua mimi.

Baada ya kopo kikaja kitambaa cha kuogea, akakikamua mwenyewe, mara ya kwanza kinachuruzika, mara ya pili afadhali. Kikaja kitana. Bega likakubali, mkono ukapanda mpaka utosini, na siku hiyo aliimba akijichana. Aliimba! Mimi niko mlangoni nakionea wivu kitana, mtu mzima mwenye mvi. Kila kilichorudi kwake kilikuwa kimetoka kwangu, na hakuna aliyeniuliza kama niko tayari kukitoa. Majirani wananipongeza, "Hongera, mama anaendelea vizuri!" Nami nasema asante, meno nje, roho inachemka.

Nikabaki na vifungo tu. Hapo nikajipa moyo: mgongoni mkono wake haufiki. Nikawa navifunga polepole makusudi, mpaka yeye anasema, "Baba, leo umelala humo?"

Sasa bado hamjasikia lililo kubwa. Jioni moja tunakula, akasema, "Leo Chapuchapu katuchekesha mpaka basi."

Kijiko kikasimama njiani. "Chapuchapu yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

Chapuchapu ni fundi mwenzangu, duka lake linatazamana na langu, barabara tu katikati. Tulifundishwa kazi na fundi mmoja, tumekaa benchi moja, na yeye ndiye aliyepewa jina hilo na mwalimu wetu kwa sababu ya kukimbiza mshono. Suruali anaitoa asubuhi ukiileta usiku, lakini chunga usiiname nayo mbele za watu. Haraka haraka haina baraka, kwake hiyo si methali, ni maelezo ya biashara. Mjane, mcheshi, ana sauti ya kubembeleza hata mtoto wa jirani alale. Wateja wangu wawili watatu wazuri alinichukulia kwa sauti hiyo.

"Anafanya nini huko?" nikauliza.

"Naye ana baridi yabisi. Imemshika vidole, vifundo vya mikono, hata magoti. Maskini, anateseka. Yeye ndiye aliyetuletea lastiki za kuvutia."

"Lastiki gani?"

"Hizi hizi zenu za kiunoni, zile pana. Mnashika wawili, huyu upande huu, huyu upande huu, mnavuta taratibu. Inaimarisha mabega."

"Na wewe unavuta na nani?"

"Tunabadilishana," akasema, akaendelea kula.

Tunabadilishana! Chakula kikaniwia mchanga. Mke wangu na Chapuchapu wameshika lastiki moja, wanavutana wakichekeshana, na mimi niko dukani napiga pasi kaptula za shule. Kesho yake nikaigeuza cherehani yangu itazame barabarani. Mke wangu alipouliza kwa nini, nikasema natafuta mwanga. Kila Jumanne na Ijumaa nikawa naona duka la Chapuchapu linafungwa mapema asubuhi, mwenyewe anatoka amebeba mfuko, anatembea kwa madaha. Shemeji alisema hayo si madaha, ni magoti yanamuuma. Shemeji anamtetea kila mtu isipokuwa mimi.

Na hapo ndipo nilipoona uzi. Mke wangu karudi mazoezini, anavua sweta, kwenye mkono wa gauni kuna uzi wa buluu umening'inia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kwa kazi yangu nguoni ndiko ninakoangalia kwanza. Uzi ule haukuwa wangu. Mimi situmii aina ile, unakatika ovyo. Nilijua dukani mwa nani unakaa.

"Huu umeutoa wapi?"

Akauangalia, akauchomoa, akautupa. "Aa, nyuzi zinapepea huko." Na akatabasamu peke yake akielekea jikoni.

Nawaulizeni nyinyi wenye ndoa, ungekuwa wewe ungelala?

Ilipokaribia mwisho wa muhula, akaniletea mwaliko. Mwalimu wao wa mazoezi ameamua Ijumaa ile ndugu wote waje ukumbini, na kila mwanakikundi aonyeshe jambo moja ambalo mikono au miguu yake ilikuwa imeshindwa na sasa inaweza. "Njoo," akaniambia, ananishika mkono. "Lazima uje. Na ukae mbele kabisa."

"Wewe utaonyesha nini?"

"Utaona."

Macho yake yalikuwa yanacheka. Nilikuwa sijayaona hivyo siku nyingi, na badala ya kufurahi nikajiuliza nani kayachekesha.

Alhamisi mke wangu akaenda na shemeji kupanga viti vya ukumbi. Mimi nikarudi nyumbani mchana kutafuta pini zangu za akiba. Nikafungua kabati, nyuma ya mashuka kuna mfuko wa karatasi umekunjwa vizuri sana. Kitu kikikunjwa vizuri sana kimefichwa. Nikaufungua.

Lilikuwa gauni. Kitambaa nilikijua papo hapo, buluu yenye maua madogo meupe. Nilimnunulia mwenyewe, nikamwahidi nitamshonea. Nikasema kesho. Na kesho yake nikasema kesho, wateja wamenibana. Mganga hajigangi, na mke wa fundi huvaa cha mwaka juzi. Mwishowe akasema, "Basi nifundishe nijishonee." Nikamcheka. "Na vidole hivyo? Utajichoma. Kaa. Mimi ndiye fundi." Akakirudisha kitambaa kabatini, nami nikadhani kingali humo.

Kumbe kimeshashonwa. Na mkono wa fundi aliyekishona, jamani! Mishono mirefu, mifupi, mingine imepanda juu kama mtu anayepiga chafya. Kola upande mmoja imesimama, upande mwingine imelala. Pindo limeshonwa kwa mkono na linakwenda kama njia ya mbuzi, na kwenye pindo hilo kuna kidoa cha kahawia, kidogo, kama damu kavu. Nikasema, hata usafi hana. Uzi ni ule ule wa buluu. Na vifungo? Vikubwa kama biskuti, matundu mapana, vimepangwa mbele.

Mbele!

Nilikaa kitandani na gauni lile mapajani na nitasema wazi nilivyohisi, sina haja ya kuzungukazunguka. Nilihisi nimeachwa. Kitambaa changu, mke wangu, na Chapuchapu amempima kifua na kiuno, amemshonea vifungo vya mbele ili asinihitaji tena hata kwa hicho kimoja kilichobaki. Na kesho atalivaa mbele ya watu, na mimi nimeambiwa nikae mbele kabisa nione vizuri.

Mwanamume mwingine angevunja vyombo. Mimi ni fundi. Nilichukua wembe.

Nililifumua gauni lote. Mshono kwa mshono, kola, mikono, pindo, mpaka likarudi kuwa vipande. Nyuzi zake za buluu nikazifagia, nikazitupa kwenye pipa la taka la barabarani ambalo gari lilikuwa linapita kulimwaga. Kisha nikakaa kwenye cherehani na kushona kama sijawahi kushona. Kilichokuwa mbele nikakipeleka nyuma, nikakata ukingo wenye yale matundu na pindo lenye kile kidoa, nikarekebisha shingo, nikavika vifungo vidogo kitambaa kimoja kimoja na kuvipanga mgongoni. Mshono umenyooka mpaka unaweza kuuapia. Nikapiga pasi, nikalikunja kama lilivyokuwa, nikalirudisha mfukoni nyuma ya mashuka. Moyoni nasema, fundi huujua mkono wa fundi mwenzake. Kesho Chapuchapu akiliona tu, ataelewa kwamba mwenye nyumba yupo.

Nililala vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba nililala vizuri.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Nimevaa shati langu jeupe, nimekaa mstari wa kwanza kama nilivyoagizwa, shemeji kushoto kwangu. Mwalimu wa mazoezi ni binti mmoja mwembamba mwenye firimbi shingoni. Akatukaribisha, akasema, "Mtaona mambo madogo. Msiyadharau. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa wenzetu hata kuinama kulikuwa ni kazi."

Akaja bibi mmoja, akashika ufunguo, akafungua kufuli. Basi. Kufuli tu, na ukumbi mzima ukapiga makofi, mumewe analia. Akaja dereva mstaafu, akapiga magoti akainuka bila kushika kiti. Mimi napiga makofi ya adabu, jicho liko kwa Chapuchapu.

Zamu yake ikafika. Akatoka na sindano na uzi. "Mimi nitatunga sindano," akasema. Watu wakacheka kidogo, fundi kutunga sindano ni ajabu gani? Akainua mikono. Na mimi, ambaye miaka yote nimemtazama kutoka ng'ambo ya barabara, nikaiona mikono yake kwa karibu. Vifundo vimevimba, vidole vimeanza kuinamia upande mmoja. Uzi ukapita kando. Akajaribu tena, ukapita kando. Jasho likamtoka. Hata mimi, Mungu ananiona, nikajikuta nimebana pumzi. Uzi ukaingia. Watu wakashangilia, naye akasema kwa sauti ya chini, "Tangu mwaka jana sijashona hata kiraka. Dukani anashona mpwa wangu. Lakini leo nimetunga."

Hajashona hata kiraka.

Nikaitazama mikono ile tena. Haikuwa mikono ya kukata kola, wala kuzungushia pindo gauni zima. Ndipo jasho langu likaanza, mgongoni, palepale kwenye uti.

"Shemeji," nikanong'ona, "lile gauni la buluu..."

"Shh! Kumbe unajua? Alitaka kukushtukiza." Akaniminya mkono. "Nyamaza, huyo anakuja."

Mke wangu akapanda mbele na mfuko wake wa karatasi. Nilitaka kusimama, shemeji akanivuta shati nikakaa. Akatazama watu, akanitazama mimi.

"Mnajua mimi ni mke wa fundi," akasema. "Yule pale, mwenye shati jeupe. Miaka yote ananivalisha yeye. Nilimwomba anifundishe kushona akaniambia nitajichoma." Akainua kidole. "Na kweli nimejichoma, damu yangu iko kwenye pindo."

Wakacheka. Mimi kile kidoa cha kahawia kikanijia machoni, kikubwa kama sahani.

"Chapuchapu alileta hapa ukumbini cherehani yake ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mwalimu akasema ule mpini ni zoezi zuri la kiwiko. Basi tukimaliza mengine mimi nabaki nazungusha. Siku vidole vikichemka sigusi, nakaa naangalia, Chapuchapu ananielekeza kwa mdomo. Vikipoa narudi. Gauni hili nimelishona mwenyewe, tangu kukata mpaka pindo. Limepinda, msinicheke. Lakini linafungwa mbele, na kesho asubuhi mume wangu atakunywa chai yake ikiwa moto. Nimemchosha vya kutosha."

Akaingiza mkono mfukoni, akalitoa, akalikunjua mbele ya watu wote.

"Loo!" watu wakasema. "Limepinda wapi?" Makofi yakalipuka. Mwalimu akapuliza firimbi kwa furaha. Kwenye mstari wa nyuma yangu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Mgonjwa gani anashona hivi? Hii kazi ya mumewe, mimi si mteja wake? Anatudanganya mchana kweupe." Mwenzake akacheka. Cheko likatambaa.

Mke wangu alikuwa bado hajawasikia. Alikuwa analigeuza gauni, anatafuta mbele, anakuta mgongo. Vidole vyake vikapita kwenye mshono kama mtu anayepapasa giza la chumba chake mwenyewe. Akaliinua pindo karibu na macho, akatafuta pale palipokuwa na damu yake. Hapakuwa na kitu. Kisha akaona vile vifungo vidogo vilivyovikwa kitambaa, akaacha kutafuta. Akanitazama.

Makofi yakafa moja moja. "Si lake!" mtu akasema nyuma, sasa kwa sauti. "Aseme ukweli tu!"

Ningeweza kukaa kimya. Wangemwita mwongo, tungerudi nyumbani, yangeisha. Na upande wangu wa kulia Chapuchapu amekuja kukaa, ananisubiri, huyo huyo niliyeapa hatanicheka maishani. Nikasimama. Sauti ilinitoka kama si yangu.

"Hajadanganya. Alilishona yeye. Mimi nililifumua jana, nikalishona upya."

"Kwa nini, mzee?" Mwalimu aliuliza kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionimaliza.

"Nilidhani..." Nikanyoosha kidole kwa Chapuchapu. "Nilidhani ni huyu aliyemshonea."

Ukumbi mzima ukapasuka. Watu walishika mbavu, dereva mstaafu akaegemea ukuta. Shemeji yangu, huyo mdomo bila breki, akapaza sauti, "Wivu ni kidonda, shemeji, ukishiriki utakonda!" Wakacheka upya. Chapuchapu hakucheka, alikuwa anaitazama mikono yake. Mke wangu naye hakucheka.

Alisubiri kelele zishuke. "Nyuzi zangu ziko wapi?"

"Nimezitupa."

"Zote?"

"Zote. Gari la taka limepita."

Akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu kilichobaki ndani ya nyumba iliyoibiwa. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ninazo leso. Akamgeukia Chapuchapu. "Niazime mkasi."

Chapuchapu akampa. Mke wangu akavuta kiti mbele ya watu, akakaa, akalitandaza gauni mapajani. Akapenyeza vidole kwenye matundu ya mkasi, kimoja kilikataa, akakisugua, akakirudisha. Akakata kifungo cha kwanza. Mkasi ambao kabla ya mazoezi hakuweza hata kuunyanyua mezani! Kifungo kikaanguka sakafuni, kikaviringika. Akakata cha pili. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Kila kifungo kilimchukua muda wake, ngumi inafunga, inafunguka, inafunga, na watu wanaangalia ngumi ile walivyoangalia lile kufuli.

Nikamsogelea. "Mke wangu, utaumia. Niachie nifumue mimi."

"Kaa," akasema, bila kuinua macho. "Mimi ndiye fundi."

Viti vyote vya mbele vilikuwa vimechukuliwa na waliosogea kuona, kwa hiyo nilikaa sakafuni. Na nikiwa chini, nikaanza kuokota vifungo, sikuona kazi nyingine iliyobaki kwangu pale. Kimoja kilikuwa kimeviringika mpaka miguuni kwa Chapuchapu. Aliinama mwenyewe, akakihangaikia na vile vidole vyake, akakipata, akaniwekea kiganjani. Nikamwambia asante, tena kwa moyo.

Gauni linashonwa upya sasa, Jumanne na Ijumaa, vifungo vikubwa, mbele. Naruhusiwa kwenda nikitaka. Juzi Chapuchapu alinipa upande mmoja wa lastiki, tukavutana. Asubuhi nakunywa chai yangu ikiwa moto, na sijawahi kuichukia chai namna hii. Mkasi wangu mzuri, ule wa chuma kizito, nimeunoa na kumwekea mke wangu kwenye mfuko wake kila siku ya kwenda. Kila jioni naukuta umelala palepale nilipouweka, anasema ule wa Chapuchapu ndio umezoea mkono wake.